Theluthi Moja Inatosha

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametutangazia asubuhi, mimi na Fito tukiwa bado tunafunga aproni. Mzee wa chumba cha kuchanganyia rangi anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi yake atapewa mmoja wetu. Sharti ni moja: kufaulu ule mtihani sanifu wa hesabu wa watu wazima, Jumamosi ya tarehe 15. Sehemu, desimali, asilimia, uwiano. Bosi anasema amechoka na watu wanaopima rangi kwa macho. Aliposema hivyo alinitazama mimi.

Atakayefaulu atakabidhiwa ufunguo wa chumba. Pamoja na kiti chenye magurudumu.

Kile kiti nimekitamani tangu siku niliyoajiriwa. Mzee hukaa tu, akasukuma sakafu kwa kidole cha mguu, akateleza kutoka makopo meupe hadi mekundu bila kuinuka. Mimi hupanda ngazi.

Shida ni hesabu. Hesabu na mimi tuliachana kwa heshima nikiwa darasa la tano, na hakuna aliyemtafuta mwenzake tangu hapo.

Fito ni mwenzangu wa kaunta. Mrefu, mwembamba, hucheka peke yake. Saa ya chakula alikuwa ameshanunua penseli. Mbili.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Yeye hutengeneza simu, kwa hiyo huzungumza nawe huku akitazama bisibisi. Akasema lipo darasa la jioni, shule ya msingi iliyo karibu, na kwamba mama yake ameshajiandikisha.

Niliuliza mama yake yupi. Akasema anaye mmoja tu.

Mama mkwe anaishi nasi tangu mwaka jana. Amefua mashuka ya hospitali miaka yote hadi alipostaafu. Sasa anataka kuingia kozi ya wasaidizi wa duka la dawa, na kozi inadai cheti hikihiki cha hesabu. Ana miaka hamsini na minane. Nilimwambia hongera, Mama. Moyoni nilimhurumia.

Jumatano, 5 Machi

Darasa. Madawati ni ya watoto, magoti yangu karibu yaguse kidevu. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, Fito wa katikati na penseli zake. Mimi wa mwisho, kwa adabu, na kwa sababu ukuta wa nyuma unaegemeka vizuri.

Mwalimu ni binti mdogo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliandika robo tatu ubaoni, akasema namba ya juu inaitwa kiasi na ya chini inaitwa asili. Nikaandika. Kisha nikachora kiti.

Mwishoni akaeleza mtihani wenyewe ulivyo, nami nikaacha kuchora. Maswali arobaini na nane. Kila swali lina majibu manne, A, B, C na D. Unatia alama kwenye herufi moja. Ukipata nusu, umefaulu.

Nikafikiri. Majibu manne, la kweli moja. Nikitia B kila mahali, B itakuwa kweli mara moja katika kila nne. Robo ya 48 ni 12. Kumi na mawili ya bure, bila jasho. Ninahitaji 24. Yanabaki 12. Kwa hiyo mtu mwerevu anatakiwa kujua robo tu ya somo. Robo nyingine ataletewa na B.

Nilitazama darasa zima lilivyoinama likiandika. Masikini, wanasoma lote.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, hatua kadhaa nyuma ya Mama mkwe.

Alhamisi, 6 Machi

Baada ya chakula nilimweleza mke wangu mpango. Akasema mtu anayeweza kupiga hesabu hiyo anaweza kupiga na zile za mtihani. Nilimwambia hajanielewa. Hizi ni hesabu za mpango. Zile ni za masomo.

Mama mkwe alikuwa mwisho wa meza akipanga vifungo kutoka kwenye kopo lake. Akakohoa kidogo.

"Baba, samahani. Hayo kumi na mawili utakayoyajua, nayo utayatia B?"

"Hapana, Mama. Hayo nitayajibu."

"Basi B inabakiwa na mangapi?"

Thelathini na sita. Robo ya thelathini na sita ni tisa. Tisa ukijumlisha na kumi na mawili ni ishirini na moja. Nilikuwa nimefeli huku nimekaa mezani kwangu.

Nilimwambia Mama kwamba nilikuwa nampima. Akanishukuru kwa kumpima, akaendelea na vifungo vyake.

Nilichukua karatasi nikahamia sebuleni. Nikijua 14, yanabaki 34, robo yake ni nane na nusu, jumla ishirini na mbili na nusu. Haitoshi. Nikijua 15, yanabaki 33, robo yake nane na robo, jumla ishirini na tatu na robo. Bado. Nikijua 16, yanabaki 32, robo yake nane kamili. Jumla ishirini na nne.

Kumi na sita katika arobaini na nane. Theluthi moja, hakuna baki, imekaa kama kifuniko kwenye kopo lake. Wao walitaka nusu, nami nimewashusha hadi theluthi.

Mke wangu alipita akaniuliza nimetumia muda gani kwenye hiyo karatasi. Nilimwambia mipango haina saa.

Jumamosi, 8 Machi

Fito sasa anatembea dukani akinong'ona. Robo ni asilimia ishirini na tano. Moja ya nane ni kumi na mbili nukta tano. Mteja mmoja alidhani anasali, akamsubiri amalize.

Huyu lazima apunguzwe kasi.

Nilimsogelea wakati wa kufuta vumbi, nikamuuliza kirafiki, ipi ni kubwa, 0.45 au 0.6? Akasema anadhani 0.6. Nikatikisa kichwa kwa huruma. Nikamwambia hapo ndipo wengi wanapofelishwa. Ile nukta ni mlango tu. Ukishaingia, tazama walio ndani ni wangapi. Huku wako arobaini na watano, kule wako sita. Nyumba ipi imejaa?

Fito akakuna kichwa. Akauliza mbona mwalimu alisema vingine. Nikamwambia mwalimu anafundisha watoto mchana, jioni anasahau kubadilisha somo. Nikampa mfano wa ndoo, na mfano wa abiria. Nilikuwa nafafanua vizuri ajabu. Bosi mwenyewe alisimama akasikiliza, akaenda zake.

Fito alinishukuru kwa mikono miwili. Ana moyo mzuri, kijana wa watu. Lakini kiti ni kimoja.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya misukosuko.

Fundi anayepaka kliniki ya meno alikuja wiki iliyopita kutaka kijani laini cha chumba cha kusubiria. Alipewa ndoo ya kwanza na Mzee: kijani moja, nyeupe nne. Akapaka ukuta wa kwanza. Jana akataka ndoo ya pili, ileile, lita ishirini. Mzee hakuwepo. Nikachanganya mimi. Moja kwa nne, nikasema, hiyo ni robo. Robo ya ishirini ni tano. Nikatia kijani lita tano, nikajaza nyeupe kumi na tano. Nikapiga mluzi.

Leo fundi amerudi na uso wa mtu aliyeng'olewa jino zima. Kasema chumba sasa kina kuta mbili zisizosalimiana. Mmoja umetulia, mwingine umenuna. Mgonjwa mmoja ameuliza kama ule ukuta wa pili una unyevu.

Nilimwambia ni mwanga wa dirisha. Akasema ukuta huo ndio ulio na dirisha. Nikamwambia nimesema nini mimi.

Bosi alitaka maelezo. Nikaomba hadi kesho asubuhi. Fito alisimama nyuma ya makopo akijifanya anasoma maandishi.

Jioni Mama mkwe aliniona nimekaa na chai iliyopoa, akaniuliza kuna nini. Sikutaka kumwambia. Mama mkwe humwambii ukuta umenuna kwa sababu yako. Nikasema kuna rafiki yangu amekosea kuchanganya rangi.

"Huyo rafiki alitakiwa aweke vipi?"

"Moja kwa nne, Mama. Akaweka robo."

Akakunja uso. Hakujua naye. Akafungua kopo la vifungo, akaweka chekundu kimoja na vyeupe vinne mezani, tukavitazama pamoja kama watu wanaongoja maji yachemke. Nikavihesabu kwa kidole. Vitano. Nikavihesabu tena.

"Mama," nikasema, "vyote ni vitano. Chekundu si robo. Ni moja ya tano."

"Enhe," akasema, "nami ndiyo naona sasa."

Moja ya tano ya ishirini ni nne. Ilitakiwa kijani lita nne, si tano. Asilimia ishirini, mimi nikaweka ishirini na tano. Na kwa kuwa kijani tano imeshaingia, nyeupe inatakiwa iwe ishirini. Ningekuwa bado na ndoo nzima ningeongeza lita tano tu ikakaa sawa. Lakini nusu imeshakaa ukutani, basi lita mbili na nusu kwenye iliyobaki, na ukuta ule upakwe upya.

Nililala vizuri sana. Rafiki yangu ameokoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimeibeba nyeupe mwenyewe hadi kliniki, kwa amri ya Bosi. Nikaongeza mbele ya fundi, nikakoroga, akapaka kipande. Kuta zimesalimiana. Fundi hakusema ahsante lakini alinipisha mlangoni.

Bosi aliuliza nimejuaje kipimo. Nilimwambia ni uzoefu.

Alhamisi, 13 Machi

Jana mwalimu katoa mazoezi ishirini na manne ya mwisho, ya kukabidhi leo jioni. Asubuhi na mapema, kabla ya kwenda kazini, nilimpendekezea Mama mkwe tugawane. Kwa uwiano, nikasema, kama tulivyofundishwa. Mbili kwa moja, yeye mbili. Kisha tunakopiana. Akakubali upesi mno. Kumi na sita yake, manane yangu. Niliona aibu kidogo, lakini ni aibu ya namna ile inayopita.

Saa ya chakula akanipigia simu dukani.

"Baba, hapa nimesema tatu ya nane ni asilimia thelathini na saba nukta tano. Nimekosea?"

Nifanyeje? Mkwe anakuuliza, umwambie hujui? Nikageuza risiti, nikagawa tatu kwa nane, nikamwambia yuko sahihi. Akanishukuru. Baada ya muda akapiga tena. Na tena. Mimi ni nani hata nisipokee. Fito alihudumia wateja wote peke yake mchana kutwa.

Hadi kufika jioni yeye alikuwa amefanya kumi na sita yake. Mimi nilikuwa nimefanya manane yangu na kumi na sita yake. Bado sijaona ni wapi nilipomzidi ujanja, lakini natafuta.

Kinachonisumbua ni kingine. Mwalimu alisahihisha hapohapo. Nimepata ishirini na moja katika ishirini na nne. Hiyo ni zaidi ya theluthi mbili, mara mbili ya ninachohitaji.

Mke wangu alinikuta barazani nimeshika tama. Akauliza nina nini.

"Najua mno," nikamwambia.

Alinitazama bila bisibisi. Ni mara chache.

Jumamosi, 15 Machi

Mtihani umekwisha. Nimetulia kama maji ya mtungini.

Ukumbi mkubwa, feni tatu, moja inafanya kazi. Mama mkwe alikuwa safu ya mbele na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Fito safu ya kati, penseli zote mbili. Mimi karibu na feni.

Nilianza kwa utulivu. Nililolijua nikajibu, nikaweka kijistari pembeni cha kuhesabia. Nililolitilia shaka nikaruka, la B hilo. Kulikuwa na moja la kuuliza ipi kubwa kuliko zote, 0.35, 0.7, 0.2 au 0.1. Nikacheka kimoyomoyo, nikajibu mara moja, nikaweka kijistari.

Nilipofika swali la ishirini na tano, vijistari vilikuwa kumi na sita. Theluthi imetimia. Nikaweka penseli chini, nikanyoosha vidole. Kilichobaki kilikuwa kazi ya B.

Hapa naandika ukweli, maana shajara haina mgeni. Ilikuwa kazi ngumu. Maswali yalikuwa yananiita. Swali la thelathini na tatu liliuliza: rangi imechanganywa moja kwa nne, rangi ya kwanza ni asilimia ngapi ya mchanganyiko wote? A, kumi na tano. B, ishirini na tano. C, ishirini. Niliitazama C kama unavyomtazama jamaa yako aliye upande wa pili wa barabara. Ningeweza kumpungia mkono.

Lakini mpango ni mpango. Robo inapatikana ukiwa mwaminifu kwa B. Ukianza kuchagua huku na kule, bahati inachanganyikiwa, haijui ikufuate wapi. Nikatia B.

Nilimaliza wa kwanza ukumbini. Msimamizi aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika wa theluthi moja kamili. Akaandika jina langu mahali fulani.

Nje nilinunua soda, nikamsubiri Mama mkwe kivulini. Alitoka wa mwisho. Akasema mengine yalimshinda lakini amejaribu yote. Yote. Nilimbebea mkoba.

Ijumaa, 28 Machi

Matokeo.

Mwalimu alituita darasani, akaturudishia karatasi zetu moja moja.

Mama mkwe, arobaini na moja. Darasa lilipiga makofi. Alivua miwani, akaifuta, akavaa ile nyingine. Mke wangu alikuwa amefunga kibanda chake cha simu mapema ili aje, na alimkumbatia mama yake mpaka madawati yakasogea. Kozi inaanza mwezi ujao. Nilifurahi, na si furaha ya kujilazimisha. Yale kumi na sita ya Alhamisi nayajua moja baada ya jingine.

Fito, thelathini na nne.

Mimi, ishirini na tatu.

Niliipitia karatasi kwa makini. B ilifanya kazi yake: katika maswali thelathini na mawili, imeleta manane kamili, kama nilivyoandika tangu tarehe 6. Hakuna mwanasayansi atakayenipinga. Tatizo lilikuwa kwenye kumi na sita yangu. Yalitoka kumi na tano. Lililoniangusha ni lile la 0.35 na 0.7. Nilitazama nyumba ipi imejaa.

Fito alikuja kunipa pole. Nikamuuliza lile swali alijibu nini. Akasema 0.7, kwa sababu baada ya maelezo yangu alishindwa kulala, akaenda kumuuliza mwalimu, akaelewa kabisa. Akasema bila mimi asingeuliza. Akanishukuru tena kwa mikono miwili.

Njiani mke wangu aliichukua karatasi akaisoma chini ya taa ya duka. Kidole kikasimama kwenye thelathini na tatu.

"Hili si lile la rangi?"

Nikasema ndilo.

"Ulikuwa hujui?"

Nikasema nilikuwa najua.

"Ungetia C ungefaulu."

Nikamweleza kuhusu uaminifu kwa B. Mama mkwe alikuwa anatembea mbele yetu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa furaha ya cheti, mpaka nikamsikia.

Jumapili, 30 Machi

Nimepumzika, na nimepata muda wa kutazama mambo kwa upana.

Kwanza, kiti. Fito alikikalia jana, akasukuma mguu, akaenda kugonga rafu ya nyeusi. Ana miguu mirefu mno kwa kile kiti. Na malalamiko yote ya mafundi sasa ni yake. Mimi nimehamia sehemu yake ya zamani ya kaunta, iliyo mkabala na dirisha. Kuna upepo mzuri pale. Sikuwahi kujua.

Pili, nyumbani pana amani. Mama mkwe amenunua koti jeupe la kozi, anapita nalo sebuleni akitafuta kitu ambacho hakijapotea. Mke wangu amekibandika cheti ukutani.

Tatu, na ndilo kubwa. Ishirini na tatu katika ishirini na nne zilizotakiwa ni karibu asilimia tisini na sita. Yaani mpango ulifaulu kwa asilimia tisini na sita. Aliyefeli ni mimi tu. Mtu haachi mpango wa namna hiyo, anaurekebisha. Bosi anasema chumba kitahitaji msaidizi, na mtihani unarudiwa mwezi wa sita.

Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Nikijua 17, yanabaki 31, robo yake ni saba nukta saba tano. Jumla ishirini na nne na robo tatu. Hiyo robo tatu ni akiba ya ajali.

Mama mkwe aliposikia nitarudia, amejitolea kukaa nami kila Jumamosi jioni, tupitie somo lote tangu mwanzo. Mtu mwenye moyo huo humwambii hapana. Nimemkubalia, tena nimemshukuru sana. Nimemwomba kwa heshima jambo moja tu: nikishajua la kumi na saba, tafadhali aniache nilivyo.